MTO ATHABASCA NA MATOPE YASIYOTUA

Somo la historia kwa vikundi vya watu wazima. Maneno haya yamepigwa chapa kama yalivyosomwa katika redio, ili wasomaji wayasome tena polepole pamoja na mwalimu wao.

  Kama kikundi chenu kina ramani ya dunia ukutani, mwombeni kiongozi wenu asimame karibu nayo, maana leo tunasafiri mbali. Tunakwenda Kanada, kaskazini ya bara la Amerika, katika jimbo liitwalo Alberta.

Leo tutasoma historia ya mto mmoja, ya mafuta yaliyochimbwa kando yake, na ya maji machafu yaliyobaki baada ya mafuta hayo kuondolewa. Ndani ya habari hii mna swali ambalo nataka mlishike tangu sasa mpaka mwisho wa somo. Mtu anywaye maji ya mto atajuaje kama maji yake yameharibika, na ni nani mwenye wajibu wa kumwambia?

NCHI NA WATU WAKE

Mto Athabasca huanza katika barafu ya Milima ya Rocky. Urefu wake wapita kilomita 1,200. Huelekea kaskazini, ukapita mji wa Fort McMurray, kisha ukaingia katika Ziwa Athabasca. Pale uingiapo ziwani hujigawa vijito vingi, na nchi ya hapo ni vinamasi vipana ambamo ndege wengi sana hupumzika wakiwa safarini. Maji hayakomi hapo. Hutoka ziwani yakaendelea kaskazini kwa Mto Slave na Mto Mackenzie, mpaka Bahari ya Aktiki. Basi kitu kiingiacho mtoni karibu na Fort McMurray chaweza kusafiri mwendo mrefu.

Kando ya ziwa upo mji mdogo wa Fort Chipewyan. Ulianzishwa mwaka wa 1788 kuwa kituo cha biashara ya ngozi za wanyama. Wakaaji wake ni kiasi cha watu elfu moja. Wengi wao ni wenyeji wa asili wa makabila ya Cree na Dene, pamoja na Métis, yaani watu wa uzazi wa wenyeji na Wazungu. Hakuna barabara ya kudumu ifikayo huko. Wakati wa joto watu hufika kwa mashua au kwa ndege. Wakati wa baridi kali, mito na vinamasi vikiwa vimeganda, motokaa hupita juu ya barafu.

Wazee wa watu hawa waliishi kwa kuvua, kuwinda, kutega wanyama na kuchuma matunda ya porini. Mwaka wa 1899 Serikali ya Kanada ilifanya nao mkataba uitwao Mkataba wa Nane. Katika mkataba huo waliahidiwa kwamba wataendelea kuwinda na kuvua katika nchi yao, isipokuwa katika sehemu zitakazotwaliwa kwa makazi, machimbo, ukataji wa miti na kazi nyingine. Lishikeni neno hilo la machimbo. Wakati ule hakuna aliyeweza kukisia ukubwa wa machimbo yatakayokuja. Tena kumbukeni kwamba haki ya kuvua haina faida kubwa kwa mtu ambaye anaogopa kumla samaki aliyemvua.

LAMI YA TANGU KALE

Kandokando ya Mto Athabasca mchanga umeshikamana na lami nyeusi, nzito. Wenyeji waliijua lami hiyo zamani sana. Waliichanganya na utomvu wa miti, wakaziba nyufa za mitumbwi yao, kama vile mafundi wa pwani yetu watiavyo kalafati jahazi zisivuje. Mwaka wa 1719 mtu wa kabila la Cree, jina lake Wa-Pa-Su, alipeleka kipande cha mchanga huo kwa wafanya biashara wa Kampuni ya Hudson's Bay. Mwishoni mwa karne ya 18 msafiri Alexander Mackenzie naye aliandika habari za lami hiyo.

Katika siku za joto, lami hulainika ikachuruzika yenyewe kutoka kingo za mto na kuingia majini. Jambo hili laonekana dogo, lakini lina uzito katika historia yetu. Baadaye, watu walipolalamika kwamba mto una uchafu wa mafuta, walijibiwa kwamba mto huo una lami tangu kuumbwa kwake. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na kwa sababu hiyo lilikuwa gumu kulipinga. Ilibidi kwanza mtu aweze kutenga uchafu wa asili na uchafu wa machimbo, na kazi hiyo ilichukua miaka mingi.

MAJI YA MOTO NA MAGADI

Tatizo la kwanza lilikuwa namna ya kuitoa lami mchangani. Katika miaka ya 1920 mtaalamu mmoja, Karl Clark, alifanya kazi hiyo katika mji wa Edmonton, kwenye Chuo Kikuu cha Alberta. Aligundua njia ambayo mama yeyote aliyeosha sufuria yenye mafuta atailewa.

Kila chembe ya mchanga huo imevikwa utando mwembamba wa maji, na lami imekaa juu ya utando huo. Ukitia mchanga katika maji ya moto, ukaongeza magadi makali yaitwayo kostiki, ambayo watengeneza sabuni huyatumia, kisha ukakoroga, lami huachana na mchanga. Hupanda juu pamoja na povu, nawe huikusanya kama uenguavyo mafuta ya mchuzi. Mchanga huzama chini.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fundo la somo. Ndani ya lami mna asidi za asili, ziitwazo asidi za nafteni. Ninyi mwajua kwamba sabuni hufanywa kwa mafuta na magadi. Basi asidi hizo zikikutana na magadi makali hugeuka kuwa namna ya sabuni. Sabuni hiyo husaidia kuitoa lami, lakini huyeyuka majini ikabaki humo, nayo ni sumu kwa samaki. Tena magadi yale yale huzitenga chembe ndogo za udongo wa mfinyanzi zisishikane. Chembe zisiposhikana, hazizami. Kwa hiyo dawa iliyofungua lami ndiyo iliyoacha sumu majini, na ndiyo iliyoacha udongo ukielea.

Tarehe 30 Septemba, 1967, kampuni iitwayo Great Canadian Oil Sands ilifungua machimbo makubwa ya kwanza kaskazini ya Fort McMurray. Kiwanda chake kiliundwa kutoa mapipa 45,000 kwa siku. Profesa Clark hakuiona siku hiyo, maana alifariki Desemba, 1966. Mwaka wa 1978 kampuni ya pili, Syncrude, ilianza kazi, na nyingine zikafuata. Kufikia miaka ya 2020, mafuta yote ya mchanga wa Alberta, ya machimbo ya wazi pamoja na ya visima vya mvuke, yalikuwa yamepita mapipa milioni 3 kwa siku.

Ni haki kusema kwamba kazi hii ilileta mali nyingi. Ilijenga mji wa Fort McMurray, ilijaza hazina ya Serikali, na iliwapa watu mishahara mizuri. Hata baadhi ya wenyeji wa asili walipata kazi humo na kuanzisha kampuni zao. Mtu aliye na mwana mgodini na babu mvuvi ana huzuni mbili kichwani, wala tusimcheke akikosa jibu jepesi.

MATOPE YASIYOTUA

Ili kupata pipa moja la mafuta machimboni, huchimbwa mchanga wa kiasi cha tani mbili. Lami ikiisha kutolewa, vinavyobaki ni maji, mchanga, udongo na mabaki ya lami, vyote vimechanganyika kama uji mwepesi. Uji huo humwagwa katika mabwawa makubwa yaliyozungushiwa matuta. Tangu mwanzo kampuni zilitakiwa kuyatunza maji hayo ndani ya mabwawa, zisiyamwage mtoni, nazo huyarudisha mengi yake kiwandani yatumike tena.

Kikundi chenu chaweza kufanya jaribio. Tieni katika chupa mchanga kidogo, udongo wa mfinyanzi kidogo, na maji. Tikiseni, kisha wekeni chupa mezani. Kabla hatujamaliza somo hili mchanga utakuwa umezama, na maji ya juu bado yana rangi ya udongo. Mkiyaacha siku kadhaa huenda nayo yakatakata. Wahandisi wa kwanza wa Athabasca walitazamia kitu kama hicho, kwa hiyo walipanga kujenga tuta fupi tu.

Lakini udongo ule uliotiwa magadi haukufuata mpango wao. Baada ya miaka michache huzidi uzito kidogo, hata katika sehemu 100 kwa uzito, kiasi cha sehemu 30 ni udongo na zilizobaki ni maji. Kisha hukwama hapo. Huwa kama maziwa ya mgando, hauwi maji wala hauwi ardhi. Huweza kukaa hivyo miaka makumi, na mtu hawezi kusimama juu yake.

Basi matope yalipozidi kuja na ya zamani hayajatua, ikabidi matuta yainuliwe. Bwawa la kwanza lilijengwa mahali paitwapo Tar Island, ukingoni mwa mto wenyewe. Tuta lake likaongezwa mwaka baada ya mwaka, hata urefu wake ukapita mita 90. Fikirini minazi mirefu mitatu iliyopandana, nyuma yake yamo matope, na chini yake wapita mto.

Katika miaka ya karibuni hesabu ya matope katika mabwawa yote ya Athabasca imepita mita za ujazo milioni 1,400. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000, au madebe 50 ya lita 20. Mwenye kalamu na azidishe. Ni madebe milioni 70,000.

Je, ndani ya maji hayo mna nini? Kwanza, zile asidi za nafteni. Samaki wakitiwa katika maji mabichi ya bwawa hufa. Maji yakikaa miaka mingi, vijidudu vidogo hula sehemu ya asidi na ukali hupungua, lakini nyingine ni ngumu, hubaki. Pili, chumvi, ambayo huzidi kila mara maji yanaporudishwa kiwandani. Tatu, mabaki ya lami, ambayo yana kemikali za jamii ya zile zilizomo katika masizi. Baadhi ya hizo huweza kuleta kansa. Nne, madini kama arseniki, kwa kiasi kidogo kidogo.

Tarehe 28 Aprili, 2008, kundi la bata lilitua katika bwawa la Syncrude. Walikuwa wakirudi kaskazini baada ya baridi, na maziwa mengi bado yalikuwa yameganda. Lami ikawashika mabawa. Kwanza ilisemwa kwamba bata 500 walikufa. Baadaye hesabu ikatoka kuwa 1,606. Mwaka wa 2010 kampuni ilitozwa dola milioni 3. Kesi hiyo ilisikika duniani kote, kwa kuwa bata mwenye lami huonekana kwa macho. Asidi iliyoyeyuka majini haionekani.

NANI APIME MAJI?

Matuta ya mabwawa mengi yamejengwa kwa mchanga, na mchanga hupenyeza maji. Kampuni zilichimba mifereji na visima kuyashika maji yanayopenya na kuyarudisha kwa pampu. Swali likawa kama yote hushikwa.

Hapo pakaonekana upungufu mkubwa. Kabla ya mwaka wa 1967 hapakuwa na daftari kamili la hali ya mto. Ukitaka kujua kama mtoto ameongezeka uzito, lazima ujue uzito wake wa kwanza. Mto Athabasca haukupimwa vya kutosha kabla ya machimbo kuanza. Mwaka wa 1997 ulianzishwa mpango wa kuupima, lakini fedha zake zilitoka kwa kampuni zaidi, na matokeo yake hayakuonyesha madhara makubwa. Kwa miaka mingi jibu la Serikali ya jimbo lilikuwa lile lile, kwamba uchafu uliopo ni wa asili.

Watu wa Fort Chipewyan hawakuridhika. Wavuvi walisema wanaona samaki wenye vidonda na maumbo ya ajabu. Mwaka wa 2006 daktari aliyewatibu alitangaza wasiwasi wake juu ya kansa mjini humo. Uchunguzi wa Alberta ukatolewa mwaka wa 2009. Ulisema kwamba tangu 1995 mpaka 2006 zilionekana kansa 51 katika watu 47, wakati hesabu iliyotazamiwa kwa mji wa kiasi hicho ilikuwa 39. Tuwe waangalifu hapa. Katika mji mdogo hesabu huweza kupanda kwa bahati tu. Ripoti haikusema kwamba maji ndiyo sababu, wala haikusema kwamba hayana hatia. Ilisema kazi ya kuchunguza iendelee.

Wakati huo huo wataalamu wasiolipwa na kampuni walikwenda kupima wenyewe. Mmoja wao alikuwa David Schindler wa Chuo Kikuu cha Alberta, mtu mwenye sifa kubwa katika elimu ya maji, ambaye alifariki mwaka wa 2021. Yeye na wenzake walipima maji ya mto, juu ya machimbo na chini ya machimbo. Walipima pia theluji, maana theluji hushika masizi yanayoanguka wakati wote wa baridi, kama kitambaa cheupe kinavyoshika vumbi.

Matokeo yao yalitolewa mwaka wa 2009 na 2010. Walionyesha kwamba katika miezi minne, chembe za vumbi na masizi zilizoanguka juu ya theluji katika eneo la kilomita 50 kuzunguka viwanda zilikuwa kiasi cha tani 11,400. Theluji ikiyeyuka, uchafu huo huingia mtoni kwa pamoja, wakati samaki wanapotaga mayai. Walionyesha tena kwamba zebaki, risasi, shaba, zinki, nikeli, kadimi na fedha, katika theluji au katika maji, zilipita kipimo kilichowekwa kwa kulinda viumbe vya majini. Uchafu ulizidi penye machimbo na viwanda. Kama ungekuwa wa kingo za mto tu, usingefuata viwanda.

Neno hilo liliitikisa Serikali. Wataalamu walioitwa kuuangalia ule mpango wa zamani waliona haukutosha, na mwaka wa 2012 Serikali ya Kanada na ya Alberta zilitangaza mpango mpya wa kupima kwa pamoja. Mto ulikuwa umekaa kando ya machimbo kwa miaka 45.

Na lile daftari lililokosekana? Wataalamu walilipata chini ya maziwa. Matope ya ziwa hutandikwa tabaka juu ya tabaka, ya kale chini na mapya juu, kama kurasa za kitabu. Walishusha bomba katika maziwa madogo ya jirani, wakatoa nguzo ya matope, wakaisoma ukurasa kwa ukurasa. Matokeo yalitolewa mwaka wa 2013. Kemikali zile za jamii ya masizi zilianza kuongezeka tangu machimbo yalipoanza, na katika maziwa yaliyochunguzwa zilikuwa zimezidi kipimo cha kiasi cha mwaka wa 1960 kwa mara 2.5 mpaka mara 23. Hivyo ziwa lenyewe lilitoa ushahidi wa mambo ambayo watu hawakuyaandika.

Juu ya mabwawa pia elimu iliongezeka. Mwaka wa 2014 wataalamu wa Serikali ya Kanada walieleza kwamba maji ya chini ya ardhi karibu na mto, jirani na bwawa moja, yalikuwa na asidi zilizofanana na za bwawa. Mwaka wa 2020 tume ya pamoja ya Kanada, Marekani na Meksiko ilitoa ripoti iliyosema kwamba uko ushahidi wa maji ya mabwawa kupenya katika maji ya chini ya ardhi. Kujua ni kiasi gani hufika mtoni bado ni kazi ngumu, kwa sababu ya lami ya asili.

HABARI ILIYOCHELEWA MIEZI TISA

Sasa nitawaeleza jambo la mwisho. Mwezi wa Mei, 2022, katika machimbo ya Kearl ya kampuni ya Imperial Oil, yapata kilomita 70 kaskazini ya Fort McMurray, yalionekana maji yenye rangi isiyo ya kawaida nje ya eneo la bwawa. Yalikuwa maji yaliyopenya kutoka katika matope. Vipimo vilionyesha arseniki na vitu vingine vilivyopita kiasi. Wenyeji waliambiwa kwanza habari fupi ya maji yenye rangi, kisha kimya. Mwishoni mwa Januari, 2023, bwawa jingine la kukusanyia maji lilifurika, na lita milioni 5.3 zikamwagika. Ndipo mwezi wa Februari shirika la Alberta lenye kusimamia machimbo lilipotoa amri ya hadharani, na watu wa Fort Chipewyan wakajua kwamba maji yale ya kwanza yalikuwa ya matope.

Ilikuwa imepita miezi tisa. Katika miezi hiyo, walisema viongozi wao, watu waliendelea kuwinda, kuvua na kula vitu vya nchi ile. Kampuni ilisema haikuona dalili ya madhara kwa maji ya kunywa wala kwa wanyama. Mkubwa wake aliomba radhi mbele ya kamati ya Bunge la Kanada mwezi wa Aprili, 2023, na mwaka wa 2024 kampuni ikatozwa dola 50,000. Mwaka huo huo mmoja wa jumuiya za wenyeji ulilishtaki shirika la kusimamia machimbo.

Huenda maji yale hayakumdhuru mtu. Lakini aliyekula samaki katika miezi hiyo tisa hakupewa nafasi ya kuchagua. Wengine walijua, na wengine walikula.

TUMEJIFUNZA NINI?

Lile bwawa la kwanza, la Tar Island, lilifunikwa udongo na kupandwa miche mwaka wa 2010. Likapewa jina la Wapisiw, kwa ukumbusho wa yule Wa-Pa-Su wa mwaka wa 1719. Ni kazi njema. Lakini matope laini yaliyokuwamo hayakugeuka ardhi. Yalihamishwa kwa pampu katika bwawa jingine. Katika machimbo mengine, tangu mwaka wa 2012, linajaribiwa jambo la kuyaacha matope chini ya shimo na kuyafunika kwa maji masafi, ili pawe ziwa. Jaribio hilo litahitaji miaka mingi kabla ya kuhukumiwa. Na mjadala umeanza juu ya kuyasafisha maji ya mabwawa na kuyaachia mtoni, jambo ambalo wakaaji wa kando ya ziwa wanaliogopa.

Kutokana na historia hii yafaa tushike mambo matatu. Kwanza, maji yapimwe kabla kazi haijaanza, maana bila kipimo cha kwanza kila lawama itajibiwa kwa neno "ndivyo yalivyokuwa". Pili, mpimaji asiwe mtu wa yule anayepimwa. Tatu, matokeo yapelekwe kwa mnywaji wa maji mapema, kwa lugha anayoielewa, hata kama habari bado haijakamilika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Watu wa Athabasca wamejenga ukuta wa mita 90, na ufa bado unatafutwa.

Hapo ndipo tunapofikia mwisho wa somo la leo.  Someni tena ukurasa huu pamoja, na yule ajuaye kusoma upesi amngojee mwenzake. 

MANENO YA KUKUMBUKA

Lami: mafuta mazito, meusi, yanayonata, kama yale ya barabarani.
Tuta: ukuta wa udongo au mchanga wa kuzuia maji.
Kupenya: kupita polepole ndani ya udongo au mchanga.
Kostiki: magadi makali ya kutengenezea sabuni.
Asidi za nafteni: vitu vya asili vilivyomo ndani ya lami, ambavyo ni sumu kwa samaki vikiwa vingi majini.
Tabaka: kitu kilichotandikwa juu ya kingine, kama kurasa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA KIKUNDI

1. Onyesheni katika ramani njia ya maji kutoka Milima ya Rocky mpaka Bahari ya Aktiki.
2. Kwa nini magadi yalisaidia kutoa lami, na kwa nini yalileta taabu baadaye?
3. Kama bwawa moja lina mita za ujazo 200, ni madebe mangapi ya lita 20?
4. Wataalamu walijuaje hali ya zamani ya maziwa, na hapakuwa na daftari?
5. Kisima au mto mnaoutumia ninyi hupimwa na nani? Matokeo husomwa wapi? Kama hamjui, chagueni mtu mmoja akaulize, alete jibu katika mkutano ujao.